Bisi Kwenye Dari

Anti yangu alinitumia picha saa tano usiku, saa zetu. Kwake Texas ilikuwa bado mchana. Ilikuwa picha ya dari, lakini dari ambayo sijawahi kuona nyumba yoyote hapa Nairobi: nyeupe, imejaa vijidonge kila mahali, kama mtu amerusha wali juu ukagandia hapo hapo. Kona moja ilikuwa imekwanguliwa. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na chini kulikuwa na ndoo. Ameandika: "Baba, si wewe uliniambia huwa unaandika mambo ya manyumba ya huku? Hii kitu tunaitoaje bila kuharibu?"

Nilijua jibu. Yaani, nilijua vile mtu anajua kitu alicholipwa kukiandika.

Miaka miwili hivi iliyopita, baada ya kuachana na chuo, nilikuwa nakula kwa kazi za mtandao. Kuna jamaa ana akaunti yenye jina zuri, anapokea oda kutoka Marekani, anatugawia sisi, anabaki na chake. Usiku mmoja nikapewa oda ya maneno 1,200: jinsi ya kuondoa dari ya bisi nyumbani kwako bila kuita fundi. Dola sita, asubuhi iwe tayari. Nilidhani ni mzaha, mpaka nikatafuta picha. Ndiyo hiyo, Wamarekani huiita dari ya bisi kwa sababu inafanana na bisi zenyewe, na wengine huiita dari ya jibini. Nikasoma makala kama kumi kuhusu mambo hayo, nyingi zikiwa zimeandikwa, nashuku, na watu kama mimi, katika vyumba kama changu. Nikaandika yangu.

Niliweka aya nzima kuhusu asbestosi. Kazi ilirudishwa na maoni: aya hii ni nzito, inamtisha msomaji, ifupishe iwe sentensi moja na uipeleke chini. Nikaifupisha. Nikaipeleka chini. Nikalipwa. Makala haikuwa na jina langu na sijui iliishia tovuti gani. Inawezekana ndiyo Anti aliyokuwa akisoma akiwa juu ya ngazi, inawezekana siyo. Hilo sitawahi kujua.

Kabla ya kumjibu nilimuuliza swali moja tu: nyumba ilijengwa lini? Akaenda kuangalia karatasi. 1976.

Ili uelewe kwa nini ule mwaka ulinitoa jasho, inabidi tuanze na kwa nini mtu mwenye akili zake alipulizia bisi kwenye dari.

Zamani kuta na dari za nyumba za Marekani zilijengwa kwa fito nyembamba za mbao zilizopigiliwa karibu karibu, kisha plasta ikapakwa juu yake, koti la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likisubiri lililotangulia likauke. Ilikuwa kazi ya mafundi waliojifunza miaka, na nyumba moja ingeweza kuchukua wiki kadhaa kukauka tu. Mwaka 1917 kampuni ya U.S. Gypsum ikaanza kuuza bodi za jipsamu zilizofunikwa karatasi pande zote mbili, kwa jina Sheetrock. Unapigilia, unaziba viungo, umemaliza. Watu walizidharau. Zilionekana kitu cha bei rahisi, cha mtu asiyeweza kumlipa fundi wa plasta. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyobadilisha mambo, maana vilipoisha askari walirudi nyumbani kwa mamilioni, wakaoa, na hakukuwa na nyumba. Kati ya 1947 na 1951, kampuni ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, New York, kwa mtindo wa kiwanda: kikundi kimoja cha wafanyakazi kinapita kikifanya kazi moja tu nyumba hadi nyumba, nyuma yake kinakuja kingine. Kuta zilikuwa za bodi. (Mikataba ya mwanzo pale Levittown ilisema wazi kwamba asiyekuwa mzungu haruhusiwi kuishi humo. Anti yangu angefika enzi hizo angeruhusiwa kufagia tu.)

Bodi zina shida moja, na sikuielewa vizuri mpaka nilipoonyeshwa. Mwezi uliopita nilimfuata fundi mmoja anayefanya dari za jipsamu kwenye zile apatimenti zinazoota kama uyoga kule Ruaka. Alikuwa anaskimu sebule, yaani anapaka filla nyembamba juu ya dari yote kwa mwiko mpana ili iwe laini. Mikono, nywele na kope zake zote zilikuwa nyeupe. Nilimwambia dari yake imeshakuwa sawa, anamaliza lini? Akacheka. Akachukua simu, akawasha tochi, akaielekeza juu moja kwa moja.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

Akailaza tochi ubavuni, mwanga ukatambaa sambamba na dari. Dari ile ile ikageuka bahari. Kila kiungo kikaonekana, pamoja na kichwa cha kila skrubu na kila mahali mwiko ulikuwa umesimama.

"Jua la jioni likiingia kwa dirisha ndivyo linafanya," akasema. "Ukuta utaweka picha, utaweka kabati. Dari hutaweka kitu, kijana. Dari inaangaliwa na mwenye amelala."

Basi, shida ya mjenzi wa Marekani ya miaka ya 1950 na kuendelea ni hiyo. Ana nyumba mia moja za kumaliza. Dari laini inataka tepu kwenye viungo, filla mara mbili ama tatu, msasa, na fundi mwenye mkono. Ama anaweza kumwita mtu mwenye mashine, achanganye maji na poda ya kwenye mfuko, apulizie dari zote za nyumba kabla ya chakula cha mchana. Vijidonge vinatupa vivuli vidogo kila upande, na jicho haliwezi tena kutofautisha kosa na pambo. Dari haihitaji hata rangi. Wauzaji wakaongeza sifa nyingine, kwamba dari hiyo inameza sauti, na kweli inapunguza mwangwi kidogo, ndiyo maana vyumba vya kulala na korido za hoteli zilijaa bisi. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuficha kazi iliyofanywa haraka. Kufika miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa dari ya kawaida kabisa ya familia ya kipato cha kati. Uingereza walikuwa na binamu yake, Artex, wao wakiichora kwa kitana na sponji iwe na mawimbi na nusu duara, na ile yao pia ilikuwa na asbestosi nyeupe hadi miaka ya 1980.

Sasa, ndani ya ule mfuko wa poda mlikuwa na nini? Mlikuwa na gundi, chokaa ama jipsamu, na vijidonge vyenyewe. Vijidonge vilikuwa ama chembe za povu kama lile linalofungiwa televisheni mpya, ama vermikulaiti, jiwe ambalo ukilichoma linafutuka kama, naam, bisi. Na mara nyingi sana kulikuwa na asilimia chache za asbestosi. Asbestosi ni jiwe lenye nyuzi. Haiungui, haiozi, ni bei poa, na ukiitia kwenye uji wowote inaushika pamoja usidondoke kutoka juu. Kwa mtu anayepulizia kitu kizito kwenye dari, hiyo ni baraka.

Hapa ndipo ile aya yangu ilipokuwa imeanza kuwa "nzito".

Kwa sababu walijua. Sisemi mpulizaji alijua, ama mama wa nyumba aliyefurahia dari mpya. Nasema wenye viwanda. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alifariki mwanamke anayeitwa Nellie Kershaw, akiwa na miaka 33, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbestosi katika kiwanda cha Turner Brothers. Daktari William Cooke aliyaangalia mapafu yake kwa hadubini, akaona vipande vya jiwe, akaandika katika jarida la madaktari. Kampuni ilikataa kulipa fidia. Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ilikuwa na ripoti rasmi mkononi kuhusu vumbi hilo, na mwaka uliofuata ikatunga kanuni za viwandani. Kanuni hizo zilimlinda mtu wa kiwandani pekee. Anayeitumia bidhaa, anayeikata, anayeikwangua, hakutajwa.

Marekani, tarehe 1 Oktoba 1935, Sumner Simpson, rais wa kampuni ya Raybestos-Manhattan, alimwandikia barua wakili wa Johns-Manville, kampuni kubwa kuliko zote kwenye biashara hiyo. Jarida moja la sekta yao lilikuwa limeomba ruhusa ya kuchapisha habari kuhusu ugonjwa wa vumbi. Maoni ya Simpson yalikuwa kwamba kadiri jambo hili litakavyozungumzwa kidogo ndivyo itakavyokuwa heri kwao. Wakili alikubaliana naye. Barua hizo zilikaa kwenye makasha hadi miaka ya 1970 zilipotolewa mahakamani.

Nilipozisoma mara ya kwanza nilikuwa na hasira ya kawaida, ile ya kusoma habari za matajiri. Mara ya pili, baada ya picha ya Anti, nilikumbuka yale maoni kwenye oda yangu. Inamtisha msomaji, ipeleke chini. Sijilinganishi na Simpson, dola sita si kampuni. Lakini ile sentensi ilikuwa yangu na niliipeleka chini mimi mwenyewe.

Ukimya ulivunjwa na daktari mmoja wa Paterson, New Jersey, Irving Selikoff, aliyekuwa akitibu wafanyakazi wa kiwanda cha asbestosi na kuona wanaumwa wote kwa mfanano. Kampuni zilipomnyima rekodi, akaenda kwa chama cha wafanyakazi wanaofunga asbestosi kwenye mabomba na maboila, akafuatilia wanachama 632 mmoja mmoja. Mwaka 1964 akatangaza matokeo, na saratani ya mapafu ilikuwa imewaua mara nyingi kuliko watu wengine. Miaka minne kabla yake, huko Afrika Kusini, daktari Wagner na wenzake walikuwa wameeleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, karibu wote wakiwa wameishi ama kufanya kazi karibu na migodi ya asbestosi ya Northern Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji hata siku moja. Walikuwa watoto waliocheza karibu na marundo ya mgodi. Ugonjwa ulisubiri wakue, wazeeke kidogo, ndipo ukaja. Ndiyo tabia yake: miaka 20, 30, 40.

Na ile vermikulaiti? Sehemu kubwa iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi mmoja, Libby, Montana, ambako jiwe lilichanganyika na asbestosi ya asili. Kampuni ya W. R. Grace iliununua mgodi huo 1963 na ukafungwa 1990. Mabaki yake yalimwagwa hadi kwenye viwanja vya kukimbilia vya shule. Serikali ilifika kwa kishindo 1999, baada ya waandishi wa gazeti la Seattle kuanza kuhesabu makaburi.

Sheria za dari zilikuja polepole, vipande vipande. Mwaka 1973 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikataza kupulizia asbestosi kwa ajili ya kuzuia moto na joto. Mapambo yalisahauliwa, kana kwamba mapafu yanajua tofauti. Mwaka 1977 filla zenye asbestosi zikapigwa marufuku madukani. Mwaka 1978 ndipo marufuku ya kupulizia ikafika kwenye dari za mapambo. Mifuko iliyokuwa tayari stoo iliendelea kutumika, ndiyo maana hata nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haiaminiki. Johns-Manville ilikimbilia mahakama ya kufilisika mwaka 1982, ikiwa imezama kwenye kesi. EPA ilijaribu kupiga marufuku karibu kila kitu 1989, mahakama ikaifuta sehemu kubwa ya marufuku hiyo 1991, na asbestosi nyeupe ilikuja kukatazwa rasmi Machi 2024. Ndiyo, juzi tu.

Angalia kitu ambacho hakipo kwenye orodha hiyo. Hakuna aliyelazimishwa kurudi kuzitoa. Sheria ilisimamisha mashine, ikaziacha dari juu ya vichwa vya watu. Na kanuni za shirikisho zinazosimamia ubomoaji wa majengo yenye asbestosi haziyagusi majengo ya makazi yenye nyumba nne ama chini ya hapo. Mwenye jengo la ofisi lazima atoe taarifa na aite wataalamu. Mwenye nyumba ya familia moja, kwa sheria hiyo ya kitaifa, anaweza kupanda ngazi na skrepa Jumamosi asubuhi akiwa na kaptura.

Kisha fasheni ikageuka. Bisi zikaanza kuonekana za kishamba. Zinashika utando wa buibui, zinapata madoa ya moshi na maji, hazioshwi. Wanunuzi wakataka dari laini, zile zile ambazo babu zao walishindwa kuwalipia mafundi. Vipindi vya televisheni vya kukarabati nyumba vikaonyesha mke na mume wakicheka huku bisi zikiwadondokea. Na makala kama yangu zikaandikwa kwa maelfu.

Kazi yenyewe, kama dari haina asbestosi, si ngumu, ni chafu tu. Unatoa vitu vyote, unazima umeme, unafunika sakafu na kuta kwa plastiki. Unachukua pampu ya dawa, ile ya shambani, unanyunyiza maji kipande kwa kipande, unasubiri kama dakika kumi na tano mpaka bisi zilainike, kisha unasukuma skrepa pana taratibu. Zinatoka kama uji. Ikiwa mtu aliwahi kuzipaka rangi ya mafuta, maji hayaingii, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakaanza kukwangua kukavu. Ukimaliza unakuta ile dari iliyokuwa imefichwa, yaani viungo vibaya, skrubu zilizochomoza na tepu iliyoachia. Deni la 1976 linakungoja. Hapo ndipo unaanza kuziba, kuskimu, kupiga msasa, rangi ya kwanza, rangi ya mwisho, kazi yote aliyoikimbia mwenye mashine. Fundi wa Ruaka nilipomsimulia alitikisa kichwa akasema, "Sasa hiyo si afadhali ungefanya mara ya kwanza?"

Lakini kabla ya yote hayo kuna dakika tano za kupima. Unalowesha kipande kidogo, unakibandua, unakifungia kwenye mfuko, unakipeleka maabara wakakiangalie kwa hadubini. Macho yako hayawezi kukuambia. Ikiwa imo, una njia tatu: kuita wenye leseni, kuifunika yote kwa bodi mpya, ama kuiacha kabisa. Dari nzima isiyoguswa haimwagi nyuzi. Na niseme ukweli, mtu aliyekwangua chumba kimoja mara moja hayuko kwenye hatari ya mfunga mabomba wa Selikoff. Hatari inaongezeka na vumbi, na muda, na kukavu. Ila vumbi likishaingia kwenye kapeti na makochi, watoto wanaendelea kulivuta wakati wewe umeshasahau ile Jumamosi.

Usidhani haya ni ya huko peke yake. Shule yangu ya msingi ilikuwa na paa la kijivu, zito, lenye kuvu, na vipande vilivyoanguka tulivitumia kuchora laini za kuchezea kati. Viliandika vizuri kuliko chaki. Hakuna aliyetukataza, maana hata walimu walidhani ni simiti tu. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, na NEMA ina mwongozo wa kuitoa: lowesha, usivunje, vaa barakoa, funga kwa plastiki, zika mahali palipoidhinishwa. Mapaa mengi ya zamani bado yapo. Lakini angalau paa tunaliona. Dari ya Anti ilikuwa imevaa pambo.

Nilimpigia, sikuandika. Aliposikia neno asbestosi alinyamaza, maana ni msaidizi wa wauguzi na ameshawaosha wazee wenye ugonjwa huo.

"Tulikuwa tumeloesha," akasema. "Mahali kwingine. Mahali kwingine kulikuwa kugumu."

"Anti, watoto walikuwa wapi?"

"Walikuwa wanatusaidia kuokota."

Nikamwambia asifagie, asiwashe feni, asipitishe vakumu ya kawaida, afute kwa kitambaa kibichi akifunge mfukoni na kukitupa, avue nguo hapo hapo. Achukue kipande apeleke maabara. Aliuliza mbona hivyo vitu havikuwa vimeandikwa mahali waliposoma. Nikamwambia pengine viliandikwa, chini kabisa.

Baada ya simu niliwasha laptopu nikatafuta ile rasimu ya kwanza, yenye aya nzima. Bado ilikuwepo, na maoni mekundu pembeni. Nikaondoa maoni, nikamtumia aya.

Ninapoandika haya majibu hayajarudi. Wanalala sebuleni wote wanne. Mlango wa kile chumba wameufunga kwa plastiki na tepu, na ndani yake, ananiambia, nusu ya dari bado ina bisi.